Mikono ya Kushoto ya Kundi la Marsela

Kila asubuhi kabla ya kengele, Marsela alifagia sehemu yake ya uwanja wa shule huku akijisifu. Mwaka huo wa 1982 alikuwa darasa la sita hapa Karatu, na kwa Kiingereza hakuna aliyemfikia. Alihakikisha kila mtu analijua hilo.

Mwalimu Rozalia aliligawa darasa katika makundi ya watoto watano. Kila kiongozi alitakiwa kuwafundisha wenzake vitenzi kumi vya Kiingereza, vile vya maneno mawili, kama put on, yaani vaa, na take off, yaani vua. Baada ya wiki mbili kiongozi huyo angewauliza mbele ya darasa na kuchagua wa kujibu. Kiongozi wa kundi bora angepewa nafasi moja iliyobaki katika lori la darasa la saba la kwenda Ngorongoro.

Marsela aliitaka nafasi hiyo kuliko kitu chochote. Tangu azaliwe alikuwa akila vumbi la magari ya watalii yaendayo kreta ya Ngorongoro, na yeye mwenyewe hajawahi kuvuka geti la hifadhi.

Katika kundi lake alikuwemo Tluway, aliyekamua ng'ombe kabla ya kuja shule na kufika akihema.

"Pick up maana yake nini?" Marsela alimuuliza.

Tluway akatikisa kichwa.

"Hata ndama wenu angeshajibu! Nenda kaandike mara ishirini."

Tluway aliandika mara ishirini, na kesho yake hakukumbuka kitu. Siku ya tatu Marsela akachoka. Kufundisha ni kazi, naye alipenda sifa tu. Akabuni ujanja, tena ujanja wa ovyo.

"Nikiuliza, wote nyoosheni mikono. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua wa kushoto. Nitachagua wa kulia."

"Si tutakuwa tunamdanganya Mwalimu?" Lukresia, mwenzao katika kundi, aliuliza.

"Basi kaa chini, tushindwe na kundi la akina Koinet."

Siku ya maswali, kila Marsela alipouliza, mikono minne ilipaa. Lukresia alijibu, Inosenti akajibu, Lukresia tena. Wanafunzi wakapiga makofi. Marsela akaanza kutabasamu kama mtu aliyeshapanda lori.

"Ngoja," Mwalimu Rozalia alisema. "Tluway amenyoosha mkono mara tisa na hujamchagua. Mimi namchagua. Tluway, pick up ni nini?"

Tluway akasimama, akatazama sakafu.

"Sijui, Mwalimu."

"Mbona umenyoosha mkono?"

"Nimenyoosha wa kushoto, Mwalimu."

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Rozalia hakucheka.

"Marsela, wiki mbili nzima umemfundisha mwenzako kunyoosha mkono! Hata mbuzi angefundishwa hilo. Nafasi ya lori ni ya Koinet."

"Mwalimu, Tluway ni mzito. Hafundishiki!"

"Hafundishiki? Una wiki moja. Mfundishe, na zawadi hakuna."

Marsela alilia njia nzima. Kesho yake alfajiri, bado amenuna, alikwenda zizini kwa akina Tluway. Kulikuwa na ukungu na baridi kali. Tluway alikuwa akivaa koti.

"Put on," Marsela alisema bila kupenda.

Tluway akalitazama koti, akarudia. Akainua ndoo ya maziwa: pick up. Akaitua: put down. Kazi ilipompa joto, akavua koti na kusema mwenyewe, "Take off!"

Marsela akamwangalia upya. Mtoto huyo hakuwa mzito hata kidogo. Kila alfajiri alirudi zizini, na viatu vyake vikajaa mavi ya ng'ombe.

Ijumaa Tluway aliulizwa vitenzi vyote kumi, akajibu tisa. Cha kumi alisema wazi kwamba hakijui. Kesho yake lori liliondoka, na Marsela hakuwemo.

Jumatatu Mwalimu Rozalia alilisimamisha darasa zima.

"Mlimcheka Tluway mkimwona mzito, kumbe kiongozi wake ndiye aliyekuwa mvivu. Asiyejua aseme sijui, afundishwe. Anayejua afundishe kweli, sio kuwaficha wenzake ili yeye aonekane. Nikiona tena mkono wa uongo humu ndani, mwenye mkono atalima shamba la shule peke yake. Kaeni. Fungueni madaftari."