Pingamizi la Anyesi

Siku walipokutana stendi ya Somanda, bodaboda ya Masunga ilirusha tope likalowesha gauni la Anyesi, kitenge cha njano kilichomkaa sawasawa mwilini. Masunga alishuka kuomba radhi, akaishia kumtafutia chumba cha kupanga kwa mama yake. Haukupita muda wakawa wapenzi wa chini kwa chini, na Masunga akawa hana wimbo mwingine: "Mkamwana gani analipa kodi kwa mkwewe? Acha, mpenzi, nitaongea na mayu."

Hakuongea. Huyo mayu wake, yaani mama yake Nyanjige, alichojua ni kwamba mpangaji wake, yule fundi cherehani Anyesi, kagoma kulipa kodi. Akamburuza mahakamani, na soko zima likamwita Anyesi tapeli.

"Wakili niliyemuuliza kakuandalia pingamizi la awali," Masunga alimwambia kwenye simu asubuhi ya kesi. "Nyumba ni ya marehemu baba, na mayu hajateuliwa kusimamia mirathi. Hana haki ya kukushtaki. Kesi inatupwa leo leo, kabla ya ushahidi, mama watoto wangu."

"Watoto gani, Masunga? Mama yako hata hajui kama tunajuana!"

"Taratibu, kipenzi. Kesi ikifa nitamwambia."

"Ikifa utamwambia nini tena?"

Masunga akakata simu. Hapo Anyesi akaung'amua mpango wake. Kumbe mwanaume huyu alitaka kesi ife kabla mtu hajauliza ni nani aliyemkataza kulipa!

Mahakamani Masunga alijibanza benchi la nyuma, shati jeupe limenyooshwa, macho chini. Mama Nyanjige alimpita Anyesi bila hata salamu.

"Mdaiwa, eleza pingamizi lako," alisema hakimu.

Anyesi alisimama. Angeeleza pingamizi, angerudi zake kushona, lakini angerudi akiwa tapeli yuleyule.

"Mheshimiwa, naliondoa. Kesi isikilizwe. Nina shahidi, yumo humu ndani."

"Mashahidi hukaa nje. Ni nani huyo?"

"Ajitaje mwenyewe, mheshimiwa. Mimi nimechoka kumficha."

Watu wakageuka huku na huku. Masunga aliinuka.

"Mayu, nidai mimi. Mimi ndiye niliyemkataza kulipa. Huyu nataka kumuoa."

Mama Nyanjige alimtazama mwanawe kuanzia juu hadi chini.

"Ukaniacha namtukana mtoto wa watu sokoni, nawe umenyamaza tu?"

Anyesi aliketi, akaanza kulia. Hatimaye alikuwa amepata mtu wa kumkasirikia Masunga pamoja naye.