Kitambaa Kisicho na Mwenyewe

Hebu fumba macho kidogo, uuone uchochoro mwembamba na mlango wa bluu uliobanduka rangi. Ndani kuna cherehani moja, meza ya kukatia, pasi, na kamba iliyojaa nguo za watu. Kila nguo ina kikaratasi kilichobanwa kwa pini: jina la mwenyewe na vipimo vyake. Hiyo ilikuwa sheria ya fundi wa mle ndani, naye alifundishwa na aliyemfunza kushona: kitambaa kisicho na mwenyewe hakilali kwa fundi.

Sasa tazama pazia lile la nyuma. Huko ndiko sheria ilikovunjwa.

Fundi alikuwa amefiwa na mumewe. Siku moja, baada ya waombolezaji kutawanyika, alipita duka la vitambaa akaona kitambaa cha suti, kijivu, rangi aliyoipenda marehemu. Mkono ukatoa pesa kabla akili haijasema neno. Alipokuwa njiani ndipo akakumbuka kwamba wa kushonewa hayupo. Lakini ajabu, kutoka dukani mpaka mlangoni moyo wake ulikuwa mwepesi, mara ya kwanza tangu mazishi. Alipoingia ndani, wepesi ule ukazimika. Akausukuma mfuko nyuma ya pazia, bila kikaratasi.

Kesho yake akarudi.

"Mteja wangu wa dhahabu!" muuza vitambaa alimpokea. "Leo kuna hariri, ukiiacha itakufuata ndotoni."

"Natazama tu, kaka."

"Tazama, mama. Macho hayana pazia."

Alitoka na mifuko miwili.

Miezi ikapita, mifuko ikakaribia dari, mingi haijafunguliwa. Nguo za wateja zikachelewa, naye akajifunza kudanganya: mara umeme ulikatika, mara sindano imevunjika. Binti yake wa miaka kumi, ambaye mtaa mzima ulimwita Kifungo kwa sababu aliwahi kumeza kimoja, alikuwa amerefuka, sare ya shule ikapanda juu ya magoti.

"Mama, wenzangu wanasema nimevaa nguo ya mdogo wangu. Na mdogo mwenyewe sina!"

"Kesho, mwanangu, nitashusha pindo."

Kesho ile ilikuwa kiwete, haikufika.

Alasiri moja cherehani ilipotulia, fundi alisikia mifuko ya plastiki ikichakarika nyuma ya pazia. "Panya," alijisemea. Kisha akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua. Akaigusa pasi. Ilikuwa baridi.

Akafunua pazia. Hapakuwa na mtu. Lakini kitambaa cha kijivu kilikuwa kimetolewa mfukoni, kimekunjwa vizuri, na juu yake pini na kikaratasi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe. Jina hapana, vipimo tu. Kifua, bega, mkono. Vipimo vya mumewe.

"Ni wewe?" alinong'ona.

Mifuko ikachakarika taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani.

Tangu siku hiyo alinunua kwa furaha, maana sasa alikuwa na wa kumnunulia. Kila kitambaa kipya kilipata kikaratasi chenyewe, kwa mwandiko uleule. Ila vipimo havikutulia. Mkono ulikuwa sentimita sitini, ukawa themanini, ukawa mia na ishirini. Mumewe hakuwa na mkono wa kuburuzika sakafuni. Fundi aliyasoma hayo, akajua kwamba mkono huo si wa mumewe. Na bado miguu ilimpeleka dukani.

Siku aliyonunua kitambaa cha manjano chenye maua madogo, alikuta karakana imejaa harufu ile ya kuungua, akaweka mfuko mezani, akaona kwamba pini ilikuwa tayari imechomwa ndani ya mfuko ambao hakuna aliyeufungua, na alipokisoma kikaratasi kwa midomo iliyokauka akakuta kifua kidogo, bega dogo, kiuno chembamba alichokijua kwa vidole vyake tangu siku ya kukiogesha, na kabla hajapiga kelele pazia likasogea, akatoka Kifungo akijishika shingo.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "kile kilichonipima kina mikono ya baridi."

"Nani amekupima?"

"Wa humo ndani. Anasema vitambaa vyote ni vyake. Amekosa mwili tu wa kuvivaa."

Fundi alimbeba mtoto, mkubwa vile, akakimbia mpaka kwa mwalimu wake wa zamani, kikongwe aliyeitwa Bibi Mkasi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unahema kama mbuzi aliyekata kamba?"

Akasimulia yote. Bibi Mkasi hakucheka.

"Huyo si mumeo. Ni jini la uroho. Halina mwili, kwa hiyo halishibi. Liliona pengo moyoni mwako likaingia, likauazima mkono wako."

"Mimi nilidhani nanunua ili nisilie."

"Najua, mwanangu. Na hukulia. Ndiyo maana limekaa."

Dawa yake haikuwa moshi wala kafara. Walirudi pamoja, wakafungua mlango na madirisha, wakawaita majirani. Kila mfuko ulifunguliwa, kila kikaratasi kikachanwa, na kila kitambaa kikapewa mtu aliye hai, jina lake likitamkwa kwa sauti kabla mkasi haujapita. Huyu gauni, yule shati, bibi wa jirani shuka. Kila mkasi ulipouma, kitu nyuma ya pazia kiligumia, na watu walijifanya hawasikii.

Mwisho kikabaki kile cha kijivu.

"Hiki cha nani?" aliuliza Bibi Mkasi.

Fundi akafungua mdomo. Likatoka jina la mumewe, na nyuma yake kilio alichokizuia miezi yote. Alilia mpaka mabega yakachoka. Walimwacha alie. Kisha akafuta uso, akamtazama binti yake.

"Cha Kifungo," alisema. "Sare."

Mkasi ulipopita, pazia lilipasuka juu mpaka chini bila kuguswa. Harufu ikaondoka.

Wiki tatu baadaye, mama na binti walipita lile duka. Kifungo alivaa sare mpya, pindo chini ya magoti.

"Mteja wangu wa dhahabu! Umepotea!"

Mkono wa kulia wa fundi uliinuka wenyewe. Akautazama. Blauzi aliyojishonea, ambayo mikono yake ilifika kwenye kifundo cha mkono siku zote, sasa upande wa kulia ilikomea vidole vinne juu yake, kana kwamba mkono wenyewe umerefuka. Mkono wa kushoto ulikuwa sawa.

Akaushika mkono ule kwa mwenzake, kama mtu anayezuia mbwa. "Cha nani?" alijiuliza kwa sauti. Hapakuja jina. "Cha nani?" Akaendelea kuuliza, Kifungo akimvuta sketi, mpaka duka likabaki nyuma.

Nawe unayesikiliza, sikuombi mengi. Kumbuka jambo moja tu: kabla mkono wako haujatoa pesa, uulize hicho ni cha nani, na usubiri mpaka upate jina la mtu.