Shamba la Kipara

Kila asubuhi Talato alitwanga mahindi machache kuliko ya jana. Mumewe, Sibiri, alikula kwanza. Watoto walifuata. Talato alikwangua chungu.

Mimi ni jirani yao, Jeneba. Ni Msamo niliyeolewa katika kijiji cha Wamosi. Wasamo na Wamosi ni watani. Naweza kumtukana Sibiri mchana kweupe mbele za watu, naye hana ruhusa ya kukasirika.

Shamba la Sibiri lilikuwa limechoka. Kila mwaka alipanda mahindi, kwa sababu eti mwanamume mwenye mahindi ndiye anayeheshimiwa. Kipande kimoja kilikuwa kimekuwa kipara kabisa, ardhi tunayoiita zipele. Udongo ulikuwa mgumu, na mvua ikinyesha, maji yaliteleza yakaenda zake. Hicho ndicho kipande alichompa mkewe.

"Panda utakacho," alimwambia. "Hapo hata magugu yamekataa kuota."

Talato alikuja kwangu analia.

"Futa machozi, shika jembe," nikamwambia. "Sasa ni kiangazi, wakati wenyewe. Chimba mashimo, kila shimo upana wa bakuli na kina cha kiganja. Udongo unaotoa uweke upande wa chini wa mteremko, uzuie maji. Ndani tia samadi iliyooza."

"Samadi kwenye ardhi kama jiwe? Dada, si kuitupa huko?"

"Mchwa wataifuata. Watatoboa ardhi chini ya shimo. Mvua ikija, maji yataingia badala ya kukimbia."

"Halafu nipande nini?"

"Njugu mawe. Zinavumilia ukame, tena zinarutubisha udongo. Zikitoa maua, pandishia udongo kwenye mashina, maana zinazaa chini."

Alichimba mpaka viganja vikatoka malengelenge. Wanaume walipita wakicheka. Kwetu njugu mawe ni zao la wanawake, na mwanamume akionekana anazipanda atachekwa mpaka kaburini.

Talato alivuna vizuri. Watoto walikula njugu za kuchemsha na chumvi mpaka wakalala chali.

Ndipo Sibiri akasema, "Shamba limepona. Nirudishie, nipande mahindi."

"Baba Larba, mikono yangu ndiyo iliyoliponya!"

"Mikono yako, ardhi ya babu yangu. Chukua kipara kile cha barabarani."

Ndiyo desturi: ardhi ni ya mume. Desturi gani hii ya kuvuna jasho la mtu? Damu ilinichemka. Nilimkuta Sibiri uani, anakunywa pombe ya mtama na wenzake.

"Mwizi wewe! Umemwibia mkeo mchana!"

Wote wakaangua kicheko.

"Msikieni mla vichwa vya mbwa!" alisema Sibiri, kwa tusi ambalo Wamosi hututania nalo Wasamo. "Jeneba, leo umetia fora!"

"Sitanii!"

Wakacheka mpaka wakamwaga pombe. Nilirudi nyumbani. Kumbe utani nao una ubaya wake. Unasema kweli, watu wanakupigia makofi.

Talato hakulia safari hii. Alihamia kipara cha barabarani, akachimba upya.

Mwaka huo mvua ilikatika mahindi ya Sibiri yakitoa mbelewele. Mahindi yakikosa maji wakati huo hayabebi. Mashimo mazuri ya Talato hayakuweza kuyaokoa. Njugu zake zililegea mchana, zikainuka jioni. Mvua chache zilizorudi zilizikuta hai.

Sibiri alikula njugu za mkewe mchana na usiku. Kiangazi kilipofika, akaja jikoni na jembe begani. Mimi nilikuwapo, nachambua njugu.

"Mama Larba, naomba mbegu."

Mbegu ya njugu mawe hutunzwa na wanawake. Mwanamume hana pa kuipata ila kwao.

"Ya nini?" Talato aliuliza.

"Nichimbe mashimo kwenye shamba langu. Nipande kama wewe."

"Na shamba langu ulilochukua? Na hili la sasa, likipona?"

Sibiri alishusha jembe begani.

"Twende kwa mzee wa ukoo," Talato alisema. "Useme mbele yake kwamba yote mawili nitalima mimi, maisha yangu yote."

"Utaniaibisha, mke wangu."

"Njaa ya watoto haikukuaibisha?"

Tulikwenda. Mzee aliwaita wanaume wa ukoo wawe mashahidi. Wale waliokunywa pombe na Sibiri pia walikuwapo. Sibiri alisema kwa sauti ndogo.

"Sema tusikie!" nikapiga kelele.

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Mashamba yale mawili ni ya Talato kulima," Sibiri alisema. "Sitayachukua tena. Wala wanangu hawatayachukua."

Talato alirudi nyumbani, akafungua kibuyu cha mbegu, akamjazia mumewe bakuli.

"Mbili kila shimo, mvua ikishalowesha ardhi," alimwambia. "Na ukienda shambani kwako, usikatize kwangu."