Rangi Chini ya Jina

Siku Kadidja alipomkanyaga Shabani mguu katika soko la Gitega, yeye ndiye aliyekosa na yeye ndiye aliyenuna. Watu walikuwa wamebanana, wapagazi wanapiga kelele wapishwe, na Shabani amekumbatia kigari cha mbao alichokichonga na kukipaka rangi mwenyewe, minibasi nyekundu inayong'aa. Msichana alivaa kitenge cha manjano na ushungi mweupe, na macho yake hayakuwa na haya hata kidogo.

"We mtu mzima hivi, unabeba mchezo?"

"Siyo mchezo, ni gari. Iko na kila kitu, abiria tu ndiye anakosa."

"Bon, abiria ndiye mi."

Shabani akawa amekwisha kwa mapenzi hapo hapo. Mwezi haukuisha kigari kikawa cha Kadidja, na ubavuni kimebandikwa herufi nyeupe za stika: SHABANI. Kadidja ndiye aliyelitaka jina hilo, ili watu wajue dereva ni nani.

Kisha vita vikamrudisha kwao Muyinga, kwa mama mgonjwa. Simu zikakatika, barabarani watu wakawa wanaviziwa. Shabani akamtuma Amissi, dereva wa minibasi ya kweli, akamwambie Kadidja: nikubalie, nilete wazee. Amissi aliuawa njiani. Watu walisema alikuwa anarudi, basi Shabani akaamini kuwa ujumbe ulifika na jibu lake ni kimya. Akajitahidi kumchukia Kadidja, wala hakuweza.

Mwaka ukapita. Asubuhi moja Kadidja akasimama mlangoni pa karakana ya Shabani, mtaa wa Nyamugari, amekonda, kigari amekifunga katika kile kitenge cha manjano.

"Shaba, nitolee jina. Lakini rangi isiharibike."

"Sababu gani?"

"Ijumaa naolewa. Siwezi kuingia kwa mume na jina yako. Na kuitupa, mi siwezi."

Moyo ulimtuma Shabani achukue kisu akwangue. Petroli nayo ingeondoa stika mara moja, pamoja na rangi. Badala yake alichovya kitambaa katika maji ya moto, akakikamua, akakilaza juu ya herufi ili gundi ilegee. Mlango ulikuwa wazi. Wakakaa kusubiri.

"Unamupenda?"

"Nyumba yetu ilipochomwa, yeye alipokea mama na wadogo zangu. Wanalala kwake. Usiniulize tena, chéri."

Neno hilo la mapenzi lilikuwa limemponyoka, na wote wawili walijifanya hawakulisikia.

Shabani akainua ukingo wa herufi ya kwanza kwa ukucha, akaivuta taratibu, akiilaza karibu na rangi. Zikatoka zote. Gundi iliyobaki akaifuta kwa mafuta ya kupikia, kisha kwa sabuni. Rangi haikuchubuka popote, lakini jina lilikuwepo bado: SHABANI, kwa wekundu ule ule wa siku ya kwanza, huku ubavu wote uliobaki umepauka. Akakigeuza kigari. Ubavu wa pili ulikuwa mpya kabisa.

"Hii gari uliiweka wapi?"

"Dirishani, mpaka tukachomewa; nikakimbia nayo."

"Ubavu huu nje, kwenye jua?"

"Ili ukikuja, ujue nyumba."

Shabani akakiweka kigari chini. "Mi nilikutumia Amissi."

"Amissi aliuawa akija, Shaba. Sisi ndio tulimuzika. Alikuwa na neno gani?"

Akamwambia. Kadidja akalia kwa sauti, hakujali wapita njia.

"Bado hujaolewa," Shabani alisema.

"Na mama atalala wapi?"

Chumba kimoja cha Shabani kilikuwa kimejaa ndugu waliokimbia mapigano ya Bugendana.

"Jina inasomeka bado," Kadidja alisema, akijifuta macho.

"Nikisugua na dawa ya meno itapungua. Lakini itakula rangi."

"Basi usisugue."

Shabani akakata utepe mrefu mweupe wa stika, akaandika GITEGA–MUYINGA kama magari ya kweli, akaubandika juu ya jina na kuulainisha kwa kidole gumba mpaka jina likafunikwa lote.

"Na ile rangi ya chini?"

"Huko jua haifiki, Kadi. Itabaki hivyo hivyo."

Kadidja akakifunga kigari katika kitenge, akatoka mbio kuwahi msafara wa magari yanayosindikizwa na askari hadi Muyinga. Shabani alibaki na kitambaa mkononi, bado kina unyevu, na hapo naye akalia.