Ifufue, Ila Ibaki Yake

Jumatatu hiyo theluji ilikuwa inayeyuka Montana, na Orrin Haskell, fundi bunduki, alikuwa kwenye kikombe cha pili cha kahawa Verna alipoingia karakanani na bastola ya marehemu. Marehemu ni Clete, mume wa Verna, kaka yake Orrin. Verna alitaka kumpa mwanawe bastola hiyo. Kutu itolewe, springi zibadilishwe, lakini mpini usipigwe msasa, maana pale palipolika ni kwa kiganja cha Clete, miaka thelathini.

"Ifufue, shemeji," alisema. "Ila ibaki yake."

Bastola za zamani kama ile zina matundu sita, lakini wanaozijua hutia risasi tano. Nyundo hulazwa juu ya tundu tupu, maana bastola ikianguka na risasi ikiwa chini ya nyundo, hufyatuka. Clete ndiye aliyewafundisha hivyo vijana wa bonde zima. Halafu siku moja ikamponyoka zizini, ikamuua, na ndani zikakutwa sita. Basi, binadamu hawana dogo. Mwaka wa tisa huu, mzembe yeyote pale mjini huitwa Clete, na mwana wa Clete huyasikia hayo.

Aliyetia ya sita ni Orrin. Aliiazima kuwinda mbweha, akaijaza, akairudisha vile vile. Akanyamaza mpaka mazishini. Akanyamaza na baadaye.

Verna alipoondoka, Orrin aliifungua bastola yote. Silinda, ile yenye matundu sita, akaiweka juu ya kitambaa, tupu, ameichungulia mwenyewe. Akageuka kuchukua mafuta. Aliporudi, ndani yake mlikuwa na risasi moja.

Akaitoa. Akafunga mlango kwa ufunguo. Akageuka tena. Tundu lile lile. Risasi ile ile, ina joto kama imetoka mfukoni mwa mtu.

Ilikuwa hivyo hadi Ijumaa, mchana kweupe. Verna akaja kuichukua, akaushika mpini, machozi yakamlenga. Akanong'ona, "Shemeji, wewe unamjua. Kweli Clete angetia sita?"

Neno moja tu, na jina la marehemu lingesafika. Orrin akatazama dirishani.

"Mtu husahau," alisema. "Clete naye alikuwa binadamu."

Verna akaondoka na bastola yake. Hakukusikika mlio wowote, lakini karakana ilinuka baruti.

Jioni mke wa Orrin akakuta aproni ya kazi ya mumewe ina tundu la kuungua, chini ya mbavu za kushoto. Ngozi ya mumewe haikuwa na hata mkwaruzo. Akashona kiraka. Asubuhi tundu likarudi. Aproni mpya, vile vile. Koti la kanisani, vile vile.

Watu wakiuliza, Orrin husema ni cheche. Verna hakuuliza. Jumapili alilitazama tundu lile kwa muda mrefu, pale pale alipoizuia damu ya mumewe kwa mikono miwili siku ile zizini. Tangu siku hiyo hajamwita Orrin shemeji.