Kipande cha Risasi Chini ya Jiwe

Jiwe la kilo dukani kwa shangazi lilikuwa halitimii kilo, na aliyelipunguza alikuwa mtoto wa nyumba hiyohiyo. Hakuwa mwizi. Alikuwa anapenda usafi kupita kiasi.

Shuleni wenzake walimwita Mama Usafi, na jina hilo halikumuudhi. Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare alifagia duka, akapangusa meza, akafuta sahani mbili za mizani mpaka akaona meno yake ndani yake. Shangazi aliuza mchele, maharage na sukari. Mizani yake ilikuwa ya kizamani, bidhaa sahani hii, mawe ya chuma sahani ile. Wateja waliiamini kwa sababu waliuona wenyewe ulimi wake ukisimama katikati.

Wiki ile tangazo lilipita sokoni: mkaguzi wa vipimo anakuja, kila mwenye mizani ajiandae. Mama Usafi hakungoja kutumwa. Jumamosi jioni aliyabeba mawe yote uani, akayasugua kwa sabuni. Alipoligeuza jiwe la kilo, aliona chini yake tundu lililojaa kitu cheusi chenye mikwaruzo. Uchafu huo, akajisemea. Akachukua msumari, akachokoa. Kikatoka kipande kizima, kidogo kama ncha ya kidole gumba, lakini kizito kuliko kilivyoonekana. Akakitia mfukoni. Jumatatu kikawa kete yake katika mchezo wa kuruka miraba. Kete za wenzake zilidunda na kuviringika. Yake ilitua palepale alipoitupa. Akawashinda wote.

Mkaguzi alikuja Jumatano alasiri. Alikuwa mtu mwembamba, asiye na haraka. Alitandika kitambaa mezani, akafungua kisanduku cha mawe yake ya shaba, akawa anayashika kwa leso.

"Anaogopa yatamuuma," alinong'ona mama mmoja, fundi cherehani wa mlango wa pili. Alikuwa amenunua sukari yake tayari, lakini aliamua kubaki kutazama.

"Jasho la vidole nalo lina uzito, mama," mkaguzi akasema bila kugeuka.

Mizani yenyewe ilifaulu. Kosa linaloruhusiwa lilikuwa dogo mno, uzito wa punje chache za mchele, nayo haikufika hata huko. Jiwe la robo likafaulu, la nusu likafaulu. Shangazi akaanza kutabasamu. Kisha jiwe la kilo likawekwa kupimwa na la shaba. Sahani ya shaba ikashuka, ikakaa chini, wala haikuinuka.

Mkaguzi aliligeuza jiwe, akalitazama tundu.

"Mama, hapa palikuwa na madini ya risasi. Hiyo ndiyo inayotimiza uzito, na juu yake tunagonga muhuri. Imechokolewa."

"Imechokolewa na nani?"

"Hiyo ndiyo njia ya wapunjaji. Itabidi nifunge duka, na jina lako libandikwe sokoni."

Shangazi aliligeuza jiwe mwenyewe, akalichungulia tundu. Fundi cherehani aliutazama mfuko wake wa sukari, kisha akamtazama shangazi. Mtazamo ule ndio uliomchoma Mama Usafi. Kipande kilikuwa mfukoni mwake. Angeweza kutoka polepole akakitupe, na hakuna ambaye angejua.

Akakitoa, akakiweka mezani.

"Nilichokoa mimi. Nilidhani ni uchafu."

"Wewe?" Shangazi akakaa juu ya gunia la mchele. "Mwanangu, umenisafisha mpaka jina."

Mkaguzi alikipangusa kile kipande, akakiweka kando ya jiwe kwenye sahani. Ulimi ukapanda taratibu, ukasimama karibu kabisa na katikati.

"Kimepungua kidogo," akasema. "Kimekwaruzwa na nini?"

"Ni kete yangu ya kuchezea."

"Kumbe!" Fundi cherehani akapiga paja. "Binti yangu siku hizi anarudi nyumbani amenuna, kashindwa kila siku. Kumbe mwenzake anacheza na uzito wa serikali."

Hata mkaguzi alicheka. "Mpunjaji angekitupa mbali," akamwambia shangazi. "Hampi mtoto achezee, wala hakileti mbele yangu. Duka halifungwi. Jiwe naondoka nalo, litatiwa risasi upya na kugongwa muhuri. Mpaka hapo utapima kwa nusu."

Alipoondoka, Mama Usafi alibaki ameinamisha kichwa.

"Inua uso," shangazi akasema. "Kwanza, kitu usichokijua kazi yake usikichokoe, uliza. Pili, ulichokoa kwa kutojua, na hilo nitakulipia mimi. Ungenyamaza, ungenyamaza ukijua, na hilo ungelibeba mwenyewe mpaka uzeeni. Umesema. Basi, yameisha. Sasa chota."

Maana shangazi alikuwa amekwisha kutoka mlangoni na kutangaza kwa sauti kwamba kila aliyenunua kwa kilo tangu Jumapili aje aongezewe konzi moja ya alichonunua. Walikuja walionunua, wakaja na wachache ambao hawakununua. Fundi cherehani alikuja mara mbili. Shangazi aliwaona wote, akawaachia. Mama Usafi alichota mpaka mkono ukamuuma, na watu waliondoka wakimtania, duka zima likicheka.

Jioni alifagia sakafu, akarudisha mawe kwenye rafu, akaacha wazi nafasi ya lile la kilo. Usafi wa Jumamosi ile ulikuwa umekula kilo mbili za mchele, kilo moja ya maharage, kilo moja kasorobo ya sukari, jiwe moja lisilokuwepo dukani, na kete moja nzuri sana.