Cherehani Chini ya Shuka

Kila mara wageni wa kanisa walipobisha hodi, Mama Kicheko alikimbilia kufunika cherehani kwa shuka. Juu yake aliweka sufuria tupu.

"Wakiiona watasema tunajiweza," alimwambia mumewe. "Unga tutausikia kwa jirani."

Mumewe alishona nguo miaka mingi, mpaka kiharusi kikamlegeza mkono na mguu wa kulia. Sasa alishinda kitini, karibu na dirisha. Wageni waliomba naye, wakaacha mfuko wa unga. Mama Kicheko aliwaambia maneno yale yale: "Huyu wangu ndiyo hivyo tena, hawezi kitu." Mumewe aligeuza uso. Mama wa watu hakuwa na nia mbaya. Alikuwa na watoto wa kulisha.

Siku moja alikuja kiongozi wa kikundi cha maendeleo cha kanisa, peke yake. Watu walimwita Dada Maswali, na jina lilimfaa. Aliweka unga chini, akakaa.

"Mama, nyumba hii ina nini?"

"Haina kitu, dada yangu. Si unaona mwenyewe?"

"Hapo umeniambia inachokosa. Mimi nauliza ilicho nacho."

Mama Kicheko alianza kuionyesha ile sufuria tupu. Mumewe akamtangulia.

"Toa shuka, mke wangu."

"Jamani, baba watoto!"

"Toa. Hata mimi nimefunikwa humo humo."

Mama Kicheko alitoa shuka huku machozi yakimtoka. "Nisamehe. Niliogopa watoto watalala na njaa."

"Kuogopa si kosa," alisema Dada Maswali. "Mwenye njaa lazima ale kwanza, na unga hatuukatishi. Sisi ndio tuliokosea. Tulileta mfuko bila kuuliza mnajua nini. Msaada unaodumu huanza na kile mtu anachokiweza." Akamgeukia mume. "Baba, wewe bado unaweza nini?"

"Mkono umegoma. Macho bado yapo. Mdomo nao, muulize mke wangu."

Wote walicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu.

Wiki iliyofuata wanawake wa kikundi walikuja na vitambaa. Mume alifundisha akiwa kitini, na Mama Kicheko alikanyaga cherehani.

"Usikivute kitambaa, kiongoze! Na bega hilo, atavaa ngamia?"

Kola ya kwanza ilikwenda upande. Waliifumua, wakashona upya. Polepole sare za shule walizoshona zikapata wateja, na mapato wakagawana. Mama Kicheko akaanza kununua unga mwenyewe. Aliomba mfuko wa kanisa upelekwe nyumba nyingine yenye shida.

Asubuhi moja mzazi alisimama mlangoni na sare ya mtoto.

"Hodi! Fundi yupo?"

Mama Kicheko akajibu kwa mazoea, "Mume wangu hawe..." Akaufungua mlango wazi kabisa.

"Yupo. Karibu ndani, utamkuta kazini."